Mbona mnanipiga picha kila siku?

Wiki ya kwanza wagonjwa wengi hawana maswali. Wanalala wanapoambiwa walale, wanatazama dari, wanavaa viatu wanaondoka. Wakishazoea chumba na milio ya mashine ndipo swali linapowatoka, na mara nyingi anayeuliza ni mzee aliyekuwa mkimya kuliko wote: "Mwanangu, mbona kila siku mnanipiga picha? Ina maana mpaka leo hamjui uvimbe wangu uko wapi?"

Anauliza kwa upole, lakini wasiwasi unasikika, na namwelewa. Mtu ameshapita kwenye CT, ile eksirei inayomzunguka na kuonyesha mwili vipande vipande, ameshaingizwa kwenye MRI, inayopiga picha kwa sumaku, ameshatolewa kinyama kikapelekwa maabara, faili lake limenenepa. Halafu anafika kwenye chumba cha mionzi, mahali ambapo alitegemea watu wawe na uhakika, anatukuta bado tunapiga picha kama watu waliopoteza kitu.

Nikiwa na haraka namjibu hivi: "Tunajua ulikuwa wapi siku ile, mzee. Tunataka kujua uko wapi leo." Jibu refu ndilo naliandika hapa, kwa ajili ya wanaoanza tiba ya mionzi ya saratani na kwa ndugu wanaowasindikiza na kukaa kwenye mabenchi ya nje wakijiuliza kwa nini mtu wa dakika kumi leo amechukua arobaini.

Nieleze kwanza mimi nasimama wapi. Daktari bingwa ndiye anayechora mahali pa kutibiwa. Mwanafizikia na wenzake wanapiga hesabu za mionzi. Mimi na mwenzangu wa zamu tunakulaza, tunakupiga picha, tunalinganisha, kisha tunabonyeza. Kwa hiyo ninayoyasema ni ya chumba cha kuongozea mashine, kile chenye skrini nyingi kuliko viti.

Safari nzima inaanzia kwenye CT ya mpango. Watu huichanganya na CT waliyofanyiwa wakati wa kutafuta ugonjwa, lakini hii ina kazi yake: juu yake ndipo tiba inapopangwa. Meza yake ni bapa na ngumu kwa sababu meza ya mashine ya tiba nayo ni bapa na ngumu, na mgongo ukilala kwenye kitu kilichopinda unapinda nacho. Unawekewa vishikizo vya magoti na miguu, mikono juu ya kichwa au kifuani, vyote vinaandikwa. Kisha unachomwa nukta ndogo za wino chini ya ngozi, pale mistari ya leza inapokatizana.

Kwa nini CT, wakati MRI inaonyesha nyama laini vizuri zaidi? Kwa sababu CT, pamoja na kuwa picha, ni jedwali la namba. Kila kitone chake kina thamani kwenye kipimo kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London tarehe 1 Oktoba 1971: maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa mgumu unapita 1000. Kompyuta ya mpango inazisoma namba hizo kujua mwale utapungua nguvu kiasi gani ukipita kwenye pafu, ukipita kwenye nyama, ukipita kwenye nyonga. MRI haina namba hizo. Ndiyo maana mara nyingi unapimwa kwa vyote viwili: CT inabeba hesabu, MRI inaonyesha mpaka wa tezi dume au wa uvimbe wa ubongo unaishia wapi hasa, na picha mbili zinalazwa moja juu ya nyingine. (Na hapo pana mtego. Siku ya MRI kibofu kilikuwa kimejaa, siku ya CT kilikuwa nusu. Mifupa inalingana, viungo vya katikati vinagoma.)

PET, picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari kwa wingi, nayo ina mahali pake. Nimeona pafu ambalo sehemu yake imesinyaa kwa sababu uvimbe umeziba njia ya hewa. Kwenye CT uvimbe na pafu lililosinyaa vina rangi moja ya kijivu, huwezi kusema hiki kinaishia hapa na kile kinaanzia pale. Mgonjwa akichomwa ile sukari yenye florini-18, inayotoa mionzi kidogo, uvimbe unaila kwa pupa na kuwaka, pafu lililosinyaa linabaki hafifu. Daktari anachora eneo dogo, na tishu nyingi ambazo zingepigwa bure zinaponea hapo.

Sasa tuje kwenye mistari yenyewe. Daktari anachora uvimbe unaoonekana. Nje yake anachora mstari wa pili wa kuzingira chembe za saratani ambazo hakuna picha inayoweza kuzionyesha lakini uzoefu unasema zipo. Nje kabisa kuna mstari wa tatu, na huu hauhusu ugonjwa hata kidogo, unatuhusu sisi: ni nafasi ya kufidia ukweli kwamba hatutakulaza sawasawa kila siku na kwamba viungo vyako havitulii. Utaratibu huo wa mistari mitatu ulipangwa rasmi na tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi, ICRU, mwaka 1993, na madaktari wanaufuata mpaka leo.

Mstari wa tatu ndio ninaotaka uukumbuke, kwa sababu picha za kila siku zipo kwa ajili yake. Chukua uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 4. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 33. Ukiuongezea sentimita 1 kila upande kwa sababu huna uhakika, eneo unalolipiga linafika 113, zaidi ya mara tatu. Ukiweza kujiamini kiasi cha kuongeza nusu sentimita tu, ni 65. Tofauti ya hizo mbili ni nyama nzima ya mtu: ukuta wa kibofu, ukuta wa utumbo, tezi za mate, ngozi. Kila milimita tunayoweza kuiondoa kwenye mstari ule kwa haki ni kiungo kinachopumua. Ukiiondoa bila haki, umeuacha ugonjwa nje.

Na zamani haki hiyo ilitafutwa kwenye ngozi. Unampanga mgonjwa kwa leza na zile nukta, nukta zikikaa chini ya mistari unasema tayari. Shida ni kwamba ngozi inateleza, hasa kwa mtu mwenye tumbo. Kutegemea nukta ya ngozi kujua tezi dume iko wapi ni sawa na kutia alama kwenye shuka ili ujue godoro limelala vipi. Nukta bado tunazitumia katika vituo vingi, lakini zinatufikisha karibu tu.

Kulikuwa pia na picha za filamu zilizopigwa kwa ule ule mwale wa tiba. Ukizitazama zinasikitisha: ukungu mtupu. Sababu ni ya kifizikia. Kwa nishati ndogo ya eksirei ya kawaida, kalsiamu ya mfupa inameza mionzi kwa kiasi kikubwa kuliko nyama, kwa hiyo mfupa unatoka mweupe wazi. Kwa nishati ya tiba, ambayo ni ya mamilioni ya volti, tofauti hiyo karibu inatoweka, mfupa na nyama vinapitisha mwale karibu sawa. Nishati inayotibu vizuri haioni vizuri. Zaidi ya hapo filamu ilibidi ikasafishwe kwanza, na daktari alipoitazama mgonjwa alikuwa ameshapata dozi ya siku hiyo na yuko njiani kurudi nyumbani.

Jambo hili hunishangaza kila nikilifikiria. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwezi Novemba 1895, na kabla mwaka haujatimia, mwaka 1896, daktari Victor Despeignes wa Lyon, Ufaransa, alikuwa ameshaijaribu kumtibu mgonjwa wa saratani ya tumbo. Kuona na kutibu vilizaliwa karibu siku moja. Kisha vikatengana: idara ya picha huku, idara ya tiba kule, kila moja na mashine zake. Vilikuja kukutana kwenye mashine moja karibu miaka mia baadaye, pale David Jaffray na wenzake katika Hospitali ya William Beaumont, Michigan, Marekani, walipofunga bomba la eksirei la kawaida na bamba la kupokelea picha ubavuni mwa mashine ya tiba, pembe mraba na kichwa chake. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2002. Mashine inamzunguka mgonjwa kwa muda wa kama dakika moja, inakusanya picha mamia, kompyuta inazigeuza kuwa CT, na mtu amelala pale pale atakapotibiwa, bila kuhamishwa. Ile mikono miwili unayoiona inachomoka pembeni mwa mashine ukilala, ndiyo hiyo.

Twende sasa kwenye skrini.

Picha ya leo inaingia na kulazwa juu ya picha ya mpango. Kompyuta inajaribu yenyewe kuzilinganisha, inatumia sekunde chache, inatoa namba: milimita 3 kushoto, 2 juu, nyonga imezunguka nyuzi 1. Mwanafunzi akifika hapo hufurahi na kutaka kubonyeza "kubali". Namzuia mkono. Tunafungua kwanza picha ya miraba: mraba mmoja unaonyesha siku ya mpango, unaofuata unaonyesha leo, mpaka skrini yote imejaa. Unafuata ukingo wa mfupa wa kinena kwa jicho. Ukivuka kutoka mraba hadi mraba bila kuvunjika, mifupa imekubali. Ukiona ngazi ndogo pale miraba inapokutana, hata ya milimita mbili, kompyuta imedanganywa na kitu.

Mifupa ikikubali bado hujamaliza. Saratani ya tezi dume haiko kwenye mfupa. Iko katikati ya kibofu na puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na majirani hao wote wawili wanajaa na kupungua kutwa nzima. Sasa hebu ona: mfupa umelingana kabisa, lakini nyuma ya tezi pana kitu cheusi tii, cha mviringo. Kwenye CT, cheusi tii ni hewa. Ni gesi. Imeivimbisha puru, puru imeisukuma tezi mbele, na ukingo wa tezi umechungulia nje ya ule mstari mwekundu wa nje kabisa. Tezi za wagonjwa wengine zimewekewa vipande vidogo vya dhahabu mwanzoni, vya ukubwa wa karibu punje ya mchele, na kwao huhitaji kubishana na kivuli: vipande vile vinang'aa nyeupe, na leo vyote vimehamia mbele.

Unafanyaje? Meza inaweza kusogezwa kutoka pale pale kwenye kiti changu. Nikiisogeza milimita 8, tezi inarudi ndani ya mstari, kazi imekwisha, anayefuata aingie. Hapo ndipo pana ugomvi mtamu wa kazi hii. Kama mpango wa mgonjwa huyu unatibu na mitoki ya nyonga, mitoki haikusogea na gesi. Yenyewe inafuata mishipa ya damu na mifupa. Nikiifuata tezi, naiacha mitoki. Nikibaki na mfupa, tezi inakosa sehemu ya dozi na puru inapata isiyokuwa yake. Hakuna msogezo mmoja wa meza utakaowaridhisha wote wawili, kwa sababu kilichobadilika ni umbo, na meza haiwezi kurudisha umbo.

Basi nabonyeza kipaza sauti.

"Mzee, tunakushusha kidogo."

"Kuna nini tena?"

"Gesi."

Kimya. Kisha kicheko kinarudi kwenye spika, cha mtu aliyekuwa na hofu ya kuambiwa jambo baya kuliko hilo. Anatembea ukumbini, anakwenda msalani, anarudi, tunapiga picha nyingine. Nje watu wanatazama saa. Najua. Lakini picha usiyokuwa tayari kuitii usiipige. Umempa mtu mionzi ya bure ili ujaze fomu.

Na siyo siku zote zenye uzito sawa, jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Siku moja ya gesi kati ya vikao ishirini ni kosa linalopita: kesho limekwenda, na juma zima linalifidia. Siku ya CT ya mpango ndiyo ya kuogopwa. Ukiingia kwenye CT ile puru ikiwa imejaa, tezi inachorwa ikiwa imesukumwa mbele, na kila kikao kinachofuata tunalenga mahali ambapo haipo. Mwaka 2005 Renaud de Crevoisier na wenzake walionyesha kwamba wanaume ambao puru zao zilikuwa zimevimba siku ya CT ya mpango walipata matokeo mabaya zaidi, saratani iliwarudia kwa wingi kuliko wenzao. Hao walitibiwa bila picha za kila siku. Marcel van Herk wa Amsterdam alikuwa ameshaiweka tofauti hiyo kwenye kanuni mwaka 2000: unapopima upana wa ule mstari wa tatu, kosa linalojirudia kila siku unalizidisha kwa 2.5, na lile linalobadilika siku hadi siku unalizidisha kwa 0.7. Kosa la kujirudia lina uzito zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo tukikupigia simu kukukumbusha kunywa maji na kwenda haja kubwa kabla ya CT, usituone wasumbufu. Siku ile moja inaandika siku nyingine zote.

Mapafu ni habari nyingine, maana kule uvimbe hausubiri mpaka kesho ndiyo uhame. Unahama sasa hivi, ukiwa umelala, kila unapovuta pumzi. Ulio sehemu ya chini ya pafu, karibu na kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, unaweza kupanda na kushuka zaidi ya sentimita moja. Picha yetu inachukua kama dakika, na ndani ya dakika mtu anapumua mara kumi na kitu, kwa hiyo uvimbe hautoki kama uvimbe, unatoka kama kitu kilichopakwa kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Ukishazoea unausoma huo mpako vizuri: ndiyo njia yote uvimbe unayopita. Kwenye CT ya mpango tunapiga picha nyingi mfululizo huku kifaa kikifuatilia kifua, kisha kompyuta inazipanga kwa hatua za pumzi, na daktari anachora njia nzima, kuanzia juu kabisa hadi chini kabisa. Siku ya tiba nauliza swali moja tu: je, mpako wa leo umeingia wote ndani ya mstari?

Kwa titi la kushoto tunaigeuza pumzi kuwa msaada. Ukivuta pumzi ndefu na kuibana, pafu linajaa, kifua kinapanda, moyo unashuka na kujitenga na ukuta wa kifua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ulioongozwa na Sarah Darby wa Oxford na kuangalia wanawake wa Sweden na Denmark, ulikuta kwamba kila grei 1 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani inayoupata moyo inaongeza hatari ya tatizo kubwa la mishipa ya moyo, kama shambulio la moyo, kwa asilimia 7.4, bila kiwango cha chini ambacho unaweza kusema hapa ni salama. Kwa hiyo tunamfundisha mama kubana pumzi kama sekunde 20, kamera inasoma taa inayomulika kifuani mwake, na mwale unawaka tu pumzi ikifika kimo kile kile cha siku ya mpango. Akiiachia, mashine inakatika. "Vuta... vuta... bana hapo hapo." Siku nzima naimba hivyo. Akina mama wenye hofu huvuta kwa mabega, na mabega yakipanda kifua kinadanganya kamera. Vuta kwa mbavu, mama, mabega yaache yalale.

Kichwa na shingo kunahitaji kuvumilia barakoa. Ni plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto na kukandamizwa usoni mpaka ikakamate umbo lako, kisha inagandishwa kwenye meza. Wiki ya kwanza inabana. Mpango wa kawaida ni wa vikao kama 35 kwa wiki saba, koo linauma, kula ni shida, mtu anakonda. Mara unaona kwenye picha ukanda mweusi kati ya plastiki na ngozi, hewa iliyoingia mahali palipokuwa na shavu. Ndani yake tezi za mate nazo zinapungua na kusogea katikati, zikielekea kwenye dozi kubwa ambayo mpango ulizikwepesha nayo. Hapo meza haisaidii kitu. Namwita mwanafizikia, naye anamwita daktari, na mara nyingine jibu ni CT mpya, barakoa mpya, mpango mpya. Mgonjwa hudhani ugonjwa umezidi. Mara nyingi ni kinyume: uvimbe wa shingoni uliokuwa unashikika kwa mkono umenywea, ndiyo maana shingo imebaki nyembamba.

Na hapa nitatia neno la tahadhari kwa wale wanaosoma ripoti zao wenyewe (nawajua, mnazipiga picha kwa simu). Ukiona uvimbe umepungua kwenye picha za wiki ya nne, usidhani eneo la mionzi nalo litapunguzwa kwa kiasi hicho hicho. Zile chembe zisizoonekana ziko pale pale ukingo wa zamani ulipokuwa. Picha inatuonyesha kilichobaki kikubwa. Haituonyeshi kilichobaki chote.

Wengine wanaogopa mionzi ya picha zenyewe. Hesabu yake ni hii: kikao cha kawaida cha tiba ni grei 2, yaani miligrei 2000. Picha moja ya CT ya mashineni ni miligrei chache hadi makumi machache, kutegemea sehemu ya mwili na mipangilio. Si sifuri, na kwa watoto tunaishusha kadiri inavyowezekana na hatupigi bila sababu. Lakini kiasi hicho ndicho kinachohakikisha zile 2000 zimekwenda zilikotumwa.

Kuna mashine mpya ambazo hazitumii mionzi kabisa kwa picha: MRI na mashine ya tiba zimeunganishwa ziwe kitu kimoja. Huko St. Louis, Marekani, walianza kutibu hivyo mwaka 2014, na mwaka 2017 wenzao wa Utrecht, Uholanzi, wakaanza na sumaku ya tesla 1.5, nguvu ile ile ya MRI nyingi za hospitali. Miaka mingi ilisemekana haiwezekani, maana sumaku inapindisha elektroni ndani ya mashine ya tiba, na mashine ya tiba inatoa mawimbi ya redio yanayoipigia kelele MRI. Wakaweza. Unaona tezi yenyewe, unaona ukuta wa puru, na mpango unachorwa upya mgonjwa akiwa amelala pale. Navutiwa nazo sana, ila wanaosifia husahau kibofu. Wakati daktari anachora upya, figo hazijaenda likizo. Mgonjwa akiwa mezani nusu saa na zaidi, kibofu ulichokichora mwanzo siyo kibofu unachokipiga mwisho, na watu wa mashine hizo wanalazimika kupiga picha tena kabla ya kuwasha mwale. Picha bora haikuondolei kazi ya kutazama.

Kwa hiyo ukianza tiba, mambo machache ya kutusaidia. Kunywa maji kiasi kile kile na muda ule ule ulioelekezwa, hata siku ambayo foleni imevurugika, na kama umesubiri sana nje tuambie, tutakupima upya. Ukinyoa ndevu au kusuka nywele nene katikati ya tiba ya kichwa, sema, maana barakoa inajua. Ukikosa choo siku mbili, sema, hakuna anayecheka humu isipokuwa pamoja nawe. Ukiona tumetulia muda mrefu baada ya mashine kuzunguka, ujue tunabishana kuhusu milimita zako. Na kama mkojo umekubana kupita kiasi, tuambie kabla mlango haujafungwa, au ita, kipaza sauti kinasikia. Usijikaze ukakunja miguu. Ukikunja miguu nyonga inazunguka, mfupa unakataa, na tunaanza upya na kibofu chako kikiwa kimejaa zaidi.